Subaru STI ya mtumba: gari la kila siku au mtaji wa kufungia ndani?

Mtu anayetaka gari la mwendo mkali ambalo pia litampeleka kazini asubuhi, litawarudisha watoto kutoka shule na kubeba mzigo wa sokoni hana orodha ndefu ya kuchagua. Katika miji ya Afrika Mashariki jina linalotajwa kwanza ni Subaru Impreza WRX, na hasa toleo lake la STI. Lina milango minne, buti la kutosha, linavuta kwa magurudumu yote manne, na mafundi wanaolijua wapo. Swali linalowakabili wanunuzi ni kama bei yake bado ina faida.

Sifa ya gari hili haikuletwa na matangazo. Impreza iliingia sokoni Japani mwaka 1992, na STI ya kwanza ikafuata mwaka 1994. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya magari kwa upande wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Nchini Kenya, Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Gari lililoshinda katika vumbi na mawe ya Kenya halikuhitaji maelezo zaidi kwa mnunuzi wa Nairobi, Arusha au Kampala.

Kwa upande wa ugavi, soko limebadilika. STI za Japani zilitumia injini ya EJ20, yenye ujazo wa sentimita 1994, silinda nne zilizolala ubavu na tabo. Matoleo ya mwisho yalikuwa na nguvu za farasi 308. Subaru ilifunga uzalishaji wa injini hiyo kwa soko la Japani kwa toleo la kuagia la magari 555 tu lililotangazwa mwaka 2019. Machi 2022 kampuni ikatamka kwamba haitatengeneza STI nyingine ya petroli kwa msingi wa WRX mpya. Kwa maneno mengine, ghala limefungwa. Yaliyopo ndiyo hayo, na kila ajali inapunguza idadi.

Hapo hapo mnunuzi wa huku ana mshindani mwenye dola. Sheria za Marekani zinaruhusu kuingiza gari la kigeni likishatimiza miaka 25, hata kama halikuwahi kuuzwa huko. STI za miaka ya 1990 tayari zimevuka umri huo, na za mwanzo wa miaka ya 2000 zinafuata. Asiyezingatia jambo hili atashangaa kuona gari kuukuu likipanda bei mnadani badala ya kushuka.

Kwa Kenya muda unabana zaidi. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2026 mlango uko wazi kwa magari ya 2019 na kuendelea, na mwaka 2027 kwa yale ya 2020. STI ya Japani inakaribia kutoweka katika orodha ya waagizaji wa Mombasa. Zilizokwishasajiliwa nchini ndizo zitakazozungushwa mkono kwa mkono.

Tanzania haikatazi gari la zamani, bali hulitoza. Kwa viwango vya bajeti za miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi sentimita 2000, na VAT asilimia 18. Gari lenye miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30. Tuchukue gari ambalo thamani yake hadi bandarini ni shilingi milioni 30. Likiwa chini ya miaka minane, gharama pamoja na kodi hizo hufika takriban milioni 46.5. Likizidi miaka kumi, hufika takriban milioni 59.7, bila kuhesabu tozo ndogo, bandari na wakala. Tofauti ni zaidi ya milioni 13. Ikumbukwe pia kwamba thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na TRA, na si lazima iwe ile ya ankara. Ni busara kupiga hesabu kabla ya kutuma fedha Japani.

Baada ya kodi yanakuja matunzo. Mkanda wa taimingi wa EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini hufa. Oili ikipungua, beringi za konrodi huwa za kwanza kulia. Gari lilipangiwa petroli ya oktani ya juu, hivyo lililoongezwa nguvu kiholela likanyweshwa mafuta hafifu huharibu pistoni. Mnunuzi adai karatasi ya mnada: alama 4 na kuendelea ni gari zuri, na herufi R ni dalili kwamba limewahi kurekebishwa baada ya kugongwa. Kwa gari lililopo nchini, apime kompresheni ya silinda zote nne na kukagua klachi. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa anayetaka utulivu zaidi kwenye foleni, ipo WRX S4 iliyoanza mwaka 2014. Ina farasi 300, gia za otomatiki na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Haina jina kubwa la STI, lakini mguu wa kushoto hupumzika.

Hesabu ya mwisho ni hii. Anayenunua ili aendeshe atafute gari ambalo halijachezewa, hata kama rangi imefifia, na atenge fedha za matengenezo siku ile ile ya kununua. Anayenunua ili auze baadaye akumbuke kwamba faida iko kwenye gari lenye injini yake ya asili na kumbukumbu kamili za matengenezo, na kwamba mtaji uliofungiwa gereji hauzai riba. Mwenye fedha za mkopo asijaribu. Gari hili linaweza kutunza thamani, lakini haliwezi kulipa rejesho la kila mwezi.