Sura ya 6: Buti Kabla ya Ubao

Mzazi anayeingia kwenye mbio za ubao wa theluji kwa mara ya kwanza huangalia ubao. Ni mrefu, unang'aa, na bei yake inashtua. Lakini kocha mzoefu akimpokea mtoto mgeni, kitu cha kwanza anachokiangalia ni miguu. Ubao mbaya mtoto atauvumilia, pengine hata atajifunza juu yake. Buti lisilomkaa litamshinda siku ya kwanza, na wala hatakwambia kwamba buti ni baya. Atakwambia mchezo wenyewe haupendi.

Tuanze na mchezo, maana buti linatokana nao. Hapa hakuna kuruka wala kupinduka hewani. Kuna mteremko mgumu, malango ya bendera yaliyopangwa kushoto na kulia, na saa. Mbio hizi ziliingia Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani, katika michezo ileile ambayo Philip Boit, kwenye ski za masafa, alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Wakati huo kila mshindani alishuka peke yake. Tangu Salt Lake City mwaka 2002 wanashuka wawili wawili, mmoja njia nyekundu na mwingine njia ya bluu. Mchujo hutoa 16 bora, kisha ni mtoano, na anayeshindwa anafungasha. Kwa watoto mambo ni mapole zaidi. Nchini Marekani, chama cha USASA huwapanga kwa umri katika slalomu na slalomu kubwa, kwa hiyo mwenye miaka 9 hapambani na mwenye 13.

Kasi inatoka wapi? Ubao wa mbio ni mwembamba, kiuno chake kwa watu wazima huwa karibu sentimita 18 hadi 20, na ubavu wake umekatwa kwa mpindo unaoingia ndani. Ukiulaza ubavu juu ya theluji iliyoshikana, unapinda, na ule ukingo wa chuma unafuata njia ya duara bila kuteleza upande. Ubao unaoteleza upande unafunga breki. Unaokata unahifadhi mwendo. Sasa ili kuulaza ubao kiasi hicho kwa kasi, goti likisogea ukingo lazima usogee papo hapo. Buti laini la kawaida hukunjika kifundoni, na sehemu ya ile nguvu inapotelea humo. Buti gumu, lenye ganda la plastiki na bizimu za chuma, halina pa kuipoteza, isipokuwa pale mguu unapocheza ndani yake. Hapo ndipo kiini cha sura hii kilipo: nafasi iliyobaki ndani ya ganda inaondoa faida yote uliyolipia.

Anayetaka kuona undugu wa mabuti haya na yale ya ski amtazame Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki. Pyeongchang, mwaka 2018, alishinda super-G ya ski kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, na wiki moja baadaye akachukua dhahabu ya slalomu kubwa sambamba kwenye ubao. Mabuti ya michezo yote miwili ni maganda ya plastiki yenye midomo midogo mbele na nyuma ya kushikiwa na vifungio. Yanapoachana ni hapa: buti la ubao huwa na soli fupi zaidi, kisigino kilichokatwa kuingia ndani kisiburure theluji, na linaruhusu kifundo kulegea kidogo kuelekea pembeni, kwa sababu miguu imekaa mmoja mbele ya mwingine. Mabuti ya ski ya mtoto, kama ni laini, yanaweza kumvusha msimu wa kwanza kwenye vifungio vya kawaida vya pete za chuma. Sioni aibu yoyote hapo. Ila jambo moja litambulike mapema: kifungio cha ski hufunguka mtu akianguka, na hiki cha ubao hakifunguki. Kifundo kinalindwa na ganda, lakini msukosuko wa anguko hupanda kwenye muundi na goti. Kwa hiyo mtoto asipandishwe kwenye mabuti magumu kwa sababu tu wenzake wanayo.

Apandishwe lini, basi? Umri hausemi mengi. Shuka nyuma yake siku ya buti laini, usimame alipopinda, uitazame alama aliyoiacha. Ukikuta ufagio mpana wa theluji iliyokwanguliwa, bado anateleza, na buti gumu litamfanya ateleze kwa mateso. Ukikuta mstari mmoja mwembamba ulioingia kwenye theluji, uliopinda bila kukatika, kushoto na kulia, huyo yuko tayari. Kuna sababu nyingine ya kusubiri: saizi ndogo ni adimu. Wanaotengeneza mabuti haya ni wachache mno duniani, Deeluxe, UPZ na Mountain Slope wakiwemo, na mtoto mwenye mguu mdogo sana anaweza kukosa kabisa buti la haki yake.

Kwa kuwa maduka yenye mabuti haya ni machache, wazazi wengi huagiza kwa mtandao, na kipimo kinachukuliwa sebuleni. Kipime jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo wa siku nzima. Karatasi chini, kisigino kikigusa ukuta, mtoto amesimama na uzito wake wote juu ya mguu huo. Weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja unauzidi mwingine. Saizi za mabuti haya ni sentimita zenyewe: mguu wa sentimita 23.4 ni saizi 23.5. Mara nyingi ganda moja huhudumia saizi mbili zinazofuatana, na kinachobadilika ni buti la ndani, lile laini. Kwa hiyo uliza urefu wa ganda pia, usitosheke na namba ya kwenye boksi.

Mzigo ukifika, usimwambie mtoto avae atembee. Toa buti la ndani kwanza. Mguu wenye soksi uingie kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo, kisha ainame magotini. Ingiza vidole vyako vya mkono nyuma ya kisigino. Milimita 10 hadi 15 ndilo pengo la mkimbiaji. Kwa mtoto anayekua mimi nakubali hadi 20, na hapo ndio mwisho wa huruma. Kikiingia kiganja, lirudishe. Tazama pia kama mifupa ya pande mbili za kifundo inagusa plastiki, maana hapo ndipo maumivu huanzia. Kisha rudisha buti la ndani, funga bizimu kuanzia zile za kifundoni, na usikilize. Karibu kila mtoto atasema, "Mama, vidole vinagusa mbele." Mwambie apinde magoti, muundi usukume ulimi wa buti. Kisigino kinarudi nyuma, kinatulia kwenye nyumba yake, na vidole vinaachia. Kama bado vimekandamizwa, ni dogo kweli. Kama vimeachia, liko sawasawa, na buti la ndani litatanuka kidogo baada ya siku chache za kuteleza. Mengi ya kisasa hupashwa moto dukani ili yashike umbo la mguu, na kazi hiyo afadhali umwachie fundi.

Najua ninachopingana nacho hapa. Sisi tuliolelewa kwa viatu vya shule vya "utavijaa" tuna mkono mwepesi wa kuongeza saizi mbili. Mzazi aliyezaliwa Mwanza au Bukavu, leo analea Denver au Calgary, anaona kununua buti la mwaka mmoja ni kumwaga pesa. Hoja yake ina uzito, na dawa yake ni mitumba. Vilabu vingi vina mabuti yanayozunguka kutoka familia moja hadi nyingine, na buti la mtoto huvaliwa msimu mmoja au miwili kabla halijachakaa. Ukinunua la mkononi, kagua midomo ya soli mbele na nyuma. Ikiliwa, kifungio hakitashika imara. Pitisha kucha kwenye bawaba za kifundoni na chini ya bizimu kutafuta nyufa, maana plastiki nayo huzeeka, hata buti lililokaa kabatini muda mrefu bila kuvaliwa. Buti la mitumba linalomkaa ni bora kuliko jipya linalopwaya.

Buti linalopwaya halimpi mtoto starehe yoyote. Kisigino kinanyanyuka kila anapopinda. Ili kikae, anakaza bizimu hadi mwisho, damu inakwama, vidole vinakufa ganzi, na huko kwenye lifti ya viti anazifungua zote huku machozi yanamlenga. Baba kwa huruma anamwongezea soksi ya pili. Soksi ya pili inabana zaidi na mguu unazidi kuwa baridi. Soksi ni moja, nyembamba, ndefu kupita buti, isiyo na mkunjo hata mmoja.

Baada ya urefu ni ugumu wa plastiki, na hapa wazazi wenye pesa ndio hukosea zaidi, kwa sababu buti gumu kuliko yote ndilo la mabingwa na ndilo la bei ya juu. Chukua mtoto wa miaka 11 mwenye kilo 36. Mvalishe buti la mtu mzima wa mbio, mwambie ausukume muundi mbele: hakuna kinachosogea. Asiyeweza kulipinda buti hawezi kupinda goti, na asiyepinda goti husimama wima kama aliyepigwa na butwaa, akisubiri kuanguka. Jaribio ni jepesi. Ndani ya nyumba yenye joto, bizimu zimefungwa, goti linapaswa kufika juu ya vidole bila mtoto kukunja uso. Kumbuka kwamba nje, kwenye baridi, plastiki hiyohiyo itakuwa ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo pia mabuti husafiri mbele ya gari pamoja na watu. Yakilala nyuma kwenye buti la gari usiku kucha, asubuhi hayafunguki, na mtoto anaanza siku ya mashindano kwa kupigana na kiatu.

Nyuma ya kila buti kuna wenzo wa kuchagua mlalo wa shingo yake. La mguu wa nyuma kwa kawaida hulazwa mbele zaidi kuliko la mguu wa mbele, na chini ya vifungio huwekwa kabari: kidole cha mguu wa mbele kinainuliwa kidogo, na kisigino cha mguu wa nyuma vilevile. Miguu yenyewe huelekezwa mbele, kwa watu wazima mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 65, kwa sababu ubao ni mwembamba na buti likizidi ukingo litagonga theluji katikati ya kona na kumtupa mtu. Mtoto mwenye mguu mfupi hahitaji nyuzi kubwa hivyo. Anza na ndogo kabisa inayoliweka buti ndani ya kingo, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na uandike kila badiliko kwenye daftari. Bisibisi iwe mfukoni, si garini.

Mengine yote ya mzazi ni kubeba, kupiga nta na kulipa, na huko Amerika Kaskazini mzigo huo ni wa familia kweli. Baada ya Olimpiki ya 2010 timu ya taifa ya Marekani iliacha kugharamia mbio hizi. Vic Wild, mzaliwa wa Marekani, alihamia Urusi, akamwoa Alena Zavarzina, na Sochi mwaka 2014 akashinda dhahabu mbili. Ile ya kwanza aliipata siku hiyohiyo mkewe alipopata shaba. Justin Reiter, mshindi wa fedha ya dunia mwaka 2013, alikuwa akilala ndani ya pikapu yake akijiandaa kwa michezo hiyohiyo, na baadaye akawa kocha wa Ledecká. Nawataja ili mzazi ajue mapema: anayeingiza mtoto humu akitegemea mkataba au udhamini ataumia yeye na atamuumiza mtoto. Anayeingia kwa sababu mtoto anaamka mwenyewe saa kumi na moja alfajiri kutafuta soksi zake, huyo ana sababu ya kutosha.

Siku ya mashindano mtoto hahitaji kocha wa pili. Maneno ya ufundi mwachie kocha. Wewe shika koti lake, mpe maji, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine mfungulie bizimu damu itembee, kisha azifunge mwenyewe kwa mpangilio uleule wa siku zote. Akishindwa na mwenzake wa njia ya pili, ambaye amemwona ubavuni mteremko mzima, usimuulize kilichotokea. Atakueleza akishakula.

Na buti likianza kubana katikati ya msimu, usimwambie avumilie hadi Machi. Mpeleke kwa fundi wa mabuti ya ski. Fundi ataliondoa buti la ndani, atapasha ganda moto mahali panapobana na kulitanua kwa milimita chache, nafasi ambayo mara nyingi inatosha kumaliza msimu. Pembeni hutanuka kirahisi kuliko mbele. Fundi akisema limefika mwisho, mwamini, na ulizia klabuni kabla hujaagiza jipya: nani ana 24.5, lenye soli nzima, la mtoto aliyemzidi wako mwaka mmoja.