JUA LA MUNGU, KODI YA SERIKALI

Na Mwandishi Wetu

Jua halina mwenyewe. Linawaka kwa tajiri na kwa mlalahoi, halileti bili wala halimkatii mtu kwa kuchelewa kulipa. Lakini jaribu kulinasa uliweke kwenye betri, ndipo utajua hakuna cha bure. Waulize majirani zetu wa Kenya.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA iliingia sokoni huko na mtindo mpya. Mama wa kijijini, ambaye hata nguzo ya umeme anaiona kwa mbali, alitoa arbuni akapewa paneli, betri, taa na chaja ya simu. Deni akalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, kama anayenunua mafuta ya taa ya kupima. Asipolipa, mtambo unazimwa kwa mbali! Akimaliza, mali yake. Koroboi ikatupwa uvunguni.

Biashara ikachanganya. Na biashara ikichanganya, bwana, wakubwa lazima watupe jicho.

Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ilivitwisha vifaa vya sola kodi ya asilimia 16. Kelele zikapigwa, mwaka 2014 kodi ikaondolewa. Yamekwisha? Thubutu! Mwaka 2020, corona imebana, Serikali ilishusha VAT hadi asilimia 14 kumpa mwananchi ahueni, kisha ikaziba pengo kwa kufuta misamaha kadhaa. Sola ikawa mojawapo. Januari 2021 VAT ikarudi 16, sola nayo ikapanda. Julai mwaka huo huo, msamaha ukarejeshwa.

Kwa mheshimiwa mwenye kiti cha kuzunguka, 16 ni tarakimu tu. Lakini piga hesabu: mtambo wa shilingi 20,000 unafika 23,200. Hizo 3,200, kwa mama anayeuza sukuma wiki, si mchezo.

Tusimwonee mtu. Hospitali na barabara hujengwa kwa kodi, na kila msamaha ni tobo kwenye mfuko wa Hazina. Lakini kodi inayoingia na kutoka kama mpangaji wa gesti, nani atapanga biashara nayo?

Sasa ugomvi umehamia juu ya mapaa. Viwanda na vyuo vimejaza paneli. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kina mtambo wa kilowati 600. Kanuni za mwaka 2024 zikaruhusu mteja kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi, ila akipeleka uniti 10 anahesabiwa 5. Mwenye paneli anaona kanyonywa. Upande wa pili nao wana hoja: usiku jua likilala, huyo huyo anarudi kwenye waya wa shirika. Asipochangia nguzo na nyaya, mzigo unamwangukia mwenye balbu mbili.

Hapo wakubwa na wabishane, hoja zipo pande zote. Lakini yule mama wa koroboi hajaunganishwa na waya wa mtu. Hakuna mauzo aliyomnyang'anya yeyote. Umeme aliungoja, haukuja, akajinunulia mwenyewe kwa senti za kila siku.

Ukimtoza kodi huyo, usimwite mlipa kodi mpya. Umemwambia tu arudi uvunguni akaitafute koroboi yake.