Waliokosa pa kupiga hema kaskazini, waje Ngara na Biharamulo

Baridi inapoanza kuuma Ulaya na Marekani, wapenda mahema huanza kusaka jua. Huko Florida, nafasi za kambi katika hifadhi za jimbo huweza kuwekwa miezi 11 kabla. Kwetu wengi hukimbilia Serengeti na uwanda wa Ndutu, ambako nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi. Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi na Nyani, hupatikana kwa kuwahi. Aliyechelewa hubanana na wenzake, kamba za hema lake zikipishana na za jirani. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, hufurika vivyo hivyo.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Ziwa Victoria, huku Ngara na Biharamulo, ardhi imelala. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozinduliwa Julai 2019 baada ya mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuunganishwa, ina kilomita za mraba 4,707. Ni miongoni mwa hifadhi kubwa nchini, lakini ni wageni wachache wanaoitaja.

Hata hivyo, wapenda mahema wanapita mlangoni petu. Anayetoka Kigali na gari lake, hema likiwa limefungwa juu ya paa, huvuka Rusumo, akapita Benaco na Lusahunga, akaingia Biharamulo, kisha Geita na Mwanza hadi Serengeti. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kungoja kivuko, kwa hiyo hukanyaga mafuta na kutuacha. Kuna pia sifa mbaya iliyoganda: miaka ya nyuma mabasi yalipita msitu wa Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Sifa kama hiyo haifutwi na tangazo. Hufutwa na mgeni aliyelala salama akaenda kuwasimulia wenzake.

Pa kumlaza hapakosekani. Biharamulo ina boma la Wajerumani juu ya kilima. Rulenge, japo iko nje ya barabara kuu, ina hewa ya vilima vya Bushubi na viwanja vya misheni, na wasafiri wa aina hii wamezoea kubisha hodi kwa paroko kuomba pa kulala. Ndizi, mayai na maharage yapo sokoni. Mama anayeuza chakula angepata mteja wa jioni na wa asubuhi.

Lakini tuseme ukweli kuhusu majira. Huku mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, ikipungua kidogo Januari na Februari. Anayekimbia theluji ya Desemba atakuta matope. Kwa hiyo uwanja wa kambi uwe mahali palipoinuka, penye changarawe, usiwe bondeni kwenye udongo wa mfinyanzi, na uwe na mtaro wa kupitisha maji. Hema lisiwekwe chini ya mti wenye matawi makavu. Ukiwa karibu na Ziwa Burigi, kaa mbali na njia za viboko, maana usiku hutoka kula majani na hawamkwepi mtu. Mbung'o nao wapo porini, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Vaa kaki au kijivu hafifu.

Suala la kuni nalitilia mkazo zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa takribani saa 24 tu. Walikuwa wanaokoa roho zao, na Ngara iliwapokea. Lakini miti ilikatwa kwa kuni na kujengea, na wanyama wa Burigi na Kimisi waliwindwa vibaya. Pori lililopona jeraha hilo lisianze tena kukatwa ili mtalii aote moto. Kila kambi itakayofunguliwa huku ipikie gesi.

Halmashauri za Ngara na Biharamulo, wenyeviti wa vijiji vya barabara ya Rusumo hadi Lusahunga, na nyinyi maparoko wenye viwanja: msisubiri mwekezaji wa hoteli. Choo safi, maji, mlinzi wa usiku na kibao barabarani vinatosha kuanzia. Viwe tayari kabla ya Desemba.