Malale na saa iliyo ndani ya ubongo

Kalima, mji uliokuzwa na machimbo ya kasiterite katika eneo la Pangi, jimbo la Maniema, uko chini ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Mwaka mzima mchana na usiku hukaribia kulingana. Hata hivyo, Maniema ni moja ya majimbo ya Kongo ambako malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, umewafanya watu wasijue tena wakati wa kulala. Wengi hudhani mgonjwa wa malale hulala kupita kiasi. Kabla ya kuikubali dhana hiyo, tutazame kwanza usingizi unavyoendeshwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, na ndani yake mna seli neva zipatazo bilioni 86. Sehemu kubwa ya juu, yenye mikunjo, ndiyo ya fikra, lugha na utambuzi. Chini yake kuna shina la ubongo, linaloongoza pumzi na kusaidia kutuweka macho. Juu ya shina hilo, katikati kabisa, imejificha haipothalamasi. Ni ndogo mno, lakini ndiyo inayosimamia joto la mwili, njaa, kiu na usingizi.

Ndani ya haipothalamasi, juu ya mahali neva za macho zinapopishana, pamekusanyika seli neva elfu 20 hivi. Hizo ndizo saa ya ubongo. Zikiachwa peke yake, mzunguko wake huzidi saa 24 kidogo, kwa hiyo kila asubuhi mwanga unaoingia machoni huzirekebisha. Giza likiingia, huruhusu homoni ya melatonini itoke, na mwili ukajiandaa kulala.

Usingizi wenyewe una hatua. Mtu mzima mwenye afya huanza na usingizi mwepesi, akazama katika usingizi mzito, kisha baada ya dakika 90 hivi akafikia usingizi wa ndoto, ambamo macho huchezacheza chini ya kope. Mzunguko huo hurudiwa mara nne au tano kwa usiku. Ubongo hauzimiki wakati huo. Unafanya kazi kwa utaratibu mwingine, ikiwemo kuimarisha kumbukumbu.

Utaratibu huu hatuzaliwi nao ukiwa kamili. Mtoto mchanga hulala vipande vipande, mchana kama usiku, na mara nyingi hutoka macho moja kwa moja hadi kwenye usingizi wa aina ile ya ndoto. Saa yake hukomaa polepole, na ni baada ya miezi miwili mitatu ndipo wazazi huanza kupata nafuu usiku.

Sasa turudi kwenye malale. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vijidudu vyenye mkia katika giligili ya uti wa mgongo wa wagonjwa, wakati ugonjwa ukiangamiza watu wa Busoga. Kijidudu cha Kongo ni Trypanosoma brucei gambiense. Kwanza hukaa katika damu na tezi: homa za kuja na kwenda, kichwa kuuma, tezi za nyuma ya shingo kuvimba. Baada ya miezi, pengine miaka, hupenya hadi ndani ya ubongo na kuleta uvimbe unaovuruga pia kazi ya haipothalamasi.

Vipimo vya mawimbi ya ubongo vilivyofanywa kwa wagonjwa kwa saa 24 mfululizo vilionyesha kwamba jumla ya usingizi wao haikuongezeka sana. Kilichobomoka ni mpangilio. Walisinzia mchana, wakakesha usiku, na mara nyingi waliingia usingizi wa ndoto bila kupitia hatua za mwanzo. Kwa sura, usingizi huo unakaribia ule wa mtoto mchanga, ila kwa mtoto ubongo unajijenga, na kwa mgonjwa unashambuliwa.

Hapo ndipo naona dhana ile ya kawaida inaleta madhara. Mchimbaji anayesinzia kazini huitwa mvivu, anayekesha akizungumza peke yake husemwa amerogwa, na miezi ya tiba hupotea. Anayemhoji mgonjwa aulize usiku wake pia, si mchana tu.

Tiba imebadilika kwa namna inayostahili kusherehekewa. Melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliua takriban wagonjwa 5 kati ya 100. Mwaka 2018 ziliidhinishwa tembe za feksinidazoli, zinazomezwa kwa siku 10 pamoja na chakula, baada ya majaribio yaliyoongozwa na daktari Mkongomani, Victor Kande. Mwaka 1998 Kongo iliripoti wagonjwa zaidi ya elfu 26. Miaka ya karibuni hawafiki elfu moja kwa mwaka. Lakini kwa kuwa kijidudu hiki huweza kukaa mwilini miaka bila mtu kulazwa kitandani, timu zinazopita vijijini kupapasa shingo na kupima damu zisipunguzwe, hata pale ambapo hakuna anayelalamika.