Umbo la Kaskazini, Uzito wa Pwani (Sehemu ya Tatu)

Orodha ya viumbe walio hatarini iliyotangazwa Oktoba 2024 iliwapandisha daraja la hatari ndege wa pwani wanaohama wa spishi 16. Wawili kati yao, Calidris ferruginea na Pluvialis squatarola kwa majina ya kitaalamu, hukaa kaskazi nzima kwenye matope ya Mida na Sabaki na katika delta ya Rufiji. Habari za orodha kama hii huishia kwenye hesabu: walikuwa wengi, sasa ni wachache. Lakini hesabu ni habari inayochelewa. Ndege anaweza kuwa amekwisha kupungua mwilini kabla hajapungua kwa idadi, na mwili wake hubeba taarifa mbili ambazo hata watu makini huzichanganya, yaani ukubwa wa umbo na uzito. Dai langu ni kwamba uzito wa ndege anayehama hutuambia juu ya mahali aliposimama leo, na ukubwa wa umbo lake hutuambia juu ya mahali alipozaliwa. Asiyetenganisha mawili haya atatafuta chanzo cha kifo katika bara lisilohusika. Mfano wangu ni yule yule wa sehemu mbili zilizotangulia, ndege tuliyekubaliana kumwita kitwitwi mwekundu, Calidris canutus, ambaye jamii zake ndogo sita na njia zake msomaji amekwisha kuzijua.

Nianze na uzito. Ukiuliza kitwitwi mwekundu ana gramu ngapi, jibu la haki ni kukuuliza wewe: yuko wapi, na ni mwezi gani? Kwa kawaida hazidi sana nusu robo ya sukari ya dukani. Wale wanaotoka Tierra del Fuego, wakifika ghuba ya Delaware nchini Marekani mwezi Mei, baadhi yao huwa chini ya gramu 100, mifupa na manyoya tu. Baada ya wiki mbili tatu hutakiwa wawe wamefika gramu 180 hivi, kwa kula mayai ya limulus, yule mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba kama bakuli lililofudikizwa. Mafuta siyo yanayobadilika peke yake. Firigisi, ambayo kitwitwi huitumia kuponda kombe anazozimeza nzima, hutuna pale anapokula vyenye magamba magumu, kisha hunywea anapokaribia kuruka, huku misuli ya kifua ikinenepa. Wanaokaa majira ya baridi katika bahari ya Wadden, Uholanzi na Ujerumani, hubeba akiba kubwa kuliko wenzao wa Banc d'Arguin, Mauritania, kwa sababu barafu yaweza kuwafungia chakula kwa siku kadhaa, na asiye na akiba hafiki mwisho wa juma. Mauritania haina barafu, na mafuta yasiyo na kazi ni mzigo. Tukiwaweka wawili hawa mzanini, tofauti tutakayoisoma ni ya hali ya hewa na ya meza waliyoandaliwa, wala haitutoshi kusema nani mkubwa wa umbo.

Uwezo huu wa kunenepa upesi binadamu aliujua zamani, na aliutumia vibaya. Sir Thomas Browne, tabibu wa mji wa Norwich nchini Uingereza aliyeishi kati ya 1605 na 1682, aliacha maelezo juu ya ndege wa Norfolk. Humo anasimulia jinsi vitwitwi hawa walivyonaswa kwa nyavu, wakafungiwa chumbani na kulishwa nafaka. Mshumaa uliwashwa humo ili wale mchana na usiku. Walipofikia upeo wa unono walianza kuchechemea, na hapo walichinjwa. Jambo hili sitaki kulipita mbio. Ulaji ule usiokoma ni kipawa alichopewa ndege ili avuke bahari bila kutua. Watu wa Norfolk walikigeuza kipawa kuwa mtego, wakawasha mshumaa badala ya jua la usiku wa manane la Aktiki. Karne tatu baadaye, katika miaka ya 1990, watu wa pwani ya Delaware walifanya kinyume chake wakapata matokeo yale yale: walimvuna limulus kwa wingi awe chambo cha mikunga na konokono wa baharini, mayai yakaadimika, na vitwitwi wengi zaidi wakawa hawafikii uzito wa kuwavusha hadi Aktiki. Jimbo la New Jersey lilipiga marufuku uvunaji huo mwaka 2008. Mara zote mbili mkono wa mtu ndio ulioamua mzani useme nini, na mara zote mbili umbo la ndege lenyewe halikuguswa. Ndiyo maana tatizo la uzito, kwa uchungu wake wote, hutibika: rudisha chakula, uzito urudi.

Umbo lina hadithi nyingine, na hapa lazima tumwite Carl Bergmann wa Göttingen. Mwaka 1847 alieleza kwamba miongoni mwa wanyama wenye damu moto wa ukoo mmoja, wakubwa huelekea kuishi kwenye baridi na wadogo kwenye joto. Sababu yake hata mpishi anaijua: sufuria ya uji hukaa moto muda mrefu kuliko kikombe cha uji ule ule, kwa kuwa kikombe kina ngozi kubwa kulinganisha na kilichomo. Miaka 30 baadaye, 1877, Joel Asaph Allen akaongeza kwamba viungo vinavyochomoza, kama masikio na miguu, hurefuka kwenye joto na kufupika kwenye baridi, na wataalamu wa ndege wameuona mwelekeo huo katika midomo pia. Ni kanuni nzuri, nami huzisoma kwa heshima. Ila zilitungwa kwa kumfikiria mnyama mwenye nyumba moja. Kitwitwi mwekundu wa jamii ya canutus huzaliwa kwenye tundra ya rasi ya Taimyr, Siberia, na hukaa miezi mingi zaidi kwenye jua la Banc d'Arguin. Umbo lake lifuate baridi ipi, au joto lipi?

Jibu lilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science na Jan van Gils na wenzake. Picha za setilaiti za miaka 33 zilionyesha kwamba theluji ya Taimyr imekuwa ikiyeyuka mapema kwa wastani wa nusu siku kila mwaka, yaani jumla ya zaidi ya wiki mbili. Wadudu hufuata theluji, lakini vifaranga hawakuiwahi kasi hiyo: wanapoanguliwa, kilele cha wadudu kimekwisha kupita. Makinda waliopimwa kwenye ghuba ya Gdańsk, Poland, wakiwa katika safari yao ya kwanza, walikuwa wadogo na wenye midomo mifupi kila mwaka ambao theluji iliwahi kuondoka. Madhara ya udogo huo yalionekana Mauritania. Chakula kikuu pale ni kombe wadogo wa jenasi Loripes, na wengi wao hujificha chini sana. Mdomo wa milimita 40 huwafikia theluthi mbili yao, ilhali wa milimita 30 huambulia theluthi moja tu. Mwenye mdomo mfupi hubaki kula mizizi ya nyasi za baharini, chakula hafifu, na uwezekano wake wa kuumaliza mwaka wa kwanza ni karibu nusu ya ule wa mwenzake. Njaa ya Siberia humwua Afrika, juu ya tope ambalo halijaharibiwa na mtu.

Wapo watakaosema huu ni ushahidi wa Bergmann: dunia inapata joto, miili inapungua, ndege anajirekebisha. Kama yangekuwa marekebisho, wadogo wangefaulu. Wao ndio wanaokufa. Tena kwa mwelekeo wa Allen mdomo ungerefuka kwenye joto, nao umefupika. Ule ni udumavu, neno tunalolijua vizuri kliniki za watoto. Wengine watasema basi ashibe akifika. Shibe hurudisha mafuta, misuli na firigisi, lakini hairefushi mdomo uliokwisha kukomaa. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba, wafupi wakifa na warefu wakibaki, ukoo utajisahihisha wenyewe. Yawezekana kwa kiasi, na kwa kweli wanaofikia utu uzima ni wale wenye midomo mirefu. Lakini uteuzi huo unalipwa kwa maisha ya makinda, na kila kiangazi chenye joto huko Taimyr huleta kundi jingine la wadumavu kabla deni la kwanza halijalipwa.

Tundra hiyo hiyo ya Taimyr ndiyo wanakozaliwa wengi wa Calidris ferruginea. Huko Langebaan, Afrika Kusini, iligunduliwa zamani kwamba idadi ya makinda wao wanaofika hupanda na kushuka kufuatana na wingi wa lemingi, panya wa tundra: lemingi wakiadimika, mbweha wa Aktiki huyageukia mayai. Kwa hiyo pwani ya Afrika imewahi kusoma habari za Siberia kupitia miili ya ndege, na yetu yaweza pia. Shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiwavisha pete ndege wa Mida. Ninachokililia kwa vyuo vyetu ni subira ya kupima mdomo na bawa la kila kinda, kando ya gramu zake, mahali pale pale, mwaka hadi mwaka, maana mzani bila rula huwachanganya ndege mwenye njaa na ndege mdumavu. Tofauti hiyo ina maana kwa matope yetu yanayofukiwa leo kwa ujenzi. Ndege mwenye mdomo mfupi akitua Mida tayari ana sehemu ndogo ya tope kuliko mwenzake, kwa sababu kilicho chini hakifikii. Hekta moja ikifukiwa kwa kifusi, wote wawili huhesabiwa kuwa wamepoteza hekta moja. Mrefu wa mdomo atahamia tope la jirani na kuchimba chini zaidi. Mfupi atagombania tabaka la juu tu, pamoja na kila ndege mwingine aliyesukumwa huko.