Nani Ataugombania Ukurasa wa Nyanungu? Kweli na Uongo Kuhusu Ugomvi wa Wahariri

Ukiitafuta Nyanungu katika Wikipedia ya Kiswahili, utaipata. Ni kata ya Wilaya ya Tarime mkoani Mara, kule ambako mashamba ya Wakurya yanakaribiana na Hifadhi ya Serengeti. Ukurasa wake ni mistari michache, na wahariri wameupa alama ya mbegu, yaani makala ambayo bado haijaota vizuri. Hakuna anayeubishania. Wengi wakisikia kwamba wahariri wa kamusi elezo hiyo hufutiana maneno na hata kufungiana, huona utulivu wa namna hii ni heri. Mimi naona ni hasara, na madai yafuatayo, ninayoyasikia mara kwa mara, yatanisaidia kueleza sababu.

"Mwenye kelele ndiye anayeshinda."

Si kweli. Kila badiliko hubaki katika historia ya ukurasa pamoja na saa yake na jina la mhariri, kwa hiyo aya iliyofutwa jioni inaweza kurudishwa kabla ya usiku. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa, hata kama anachokitetea ni sahihi. Anatakiwa aende kwenye ukurasa wa majadiliano na chanzo mkononi. Kwa Kiswahili wasimamizi wanaitwa wakabidhi, jina ninalolipenda sana, kwa kuwa mkabidhi hutunza mali ya watu bila kuwa mwenye mali.

"Hugombania siasa na dini tu."

Si kweli hata kidogo. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walivutana kwa miaka mingi, hadi 2011, juu ya tahajia ya neno la Kiingereza la mtindi. Wengine wamevutana kuhusu asili ya mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara: aitwe Mparsi, Mhindi au Mwajemi?

Mkoa wa Mara nao una mbegu zake za mabishano. Tanzania tumezoea kuandika Wakurya. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Migori, wanaandika Wakuria, na ni watu walewale. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,743,830 mkoani Mara, na ile ya 2022 ikahesabu 2,372,015. Mhariri mmoja akiweka idadi ya kwanza na mwenzake akaifuta kuweka ya pili, wote wawili wamesema kweli. Walichosahau ni kutaja mwaka. Tarime inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hadi 2007 eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Rorya lilikuwa ndani yake. Anayelinganisha Tarime ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 bila kulieleza hilo atadhani watu wamehama.

Kuna pia mambo mazito. Mfugaji wa kijiji kinachopakana na hifadhi na askari wa hifadhi hiyo hawawezi kuandika sentensi ileile kuhusu mpaka wake. Kanuni inasema: andika nani anasema nini, na imechapishwa wapi. Ni kanuni nzuri, lakini hapa inauma. Serikali ina gazeti lake na ramani zake. Mzee anayekumbuka ng'ombe wa baba yake walilishwa wapi hana karatasi, na ushuhuda wake hautakubaliwa mpaka mwandishi wa habari au mtafiti aufuate na kuuchapisha. Anayetaka haki katika makala ya namna hii aanze kwa kuandika magazetini na katika tasnifu, kisha ndipo aingie Wikipedia.

"Ugomvi huharibu makala."

Mara nyingi ni kinyume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Human Behaviour ulionyesha kwamba makala za Wikipedia ya Kiingereza zilizoandikwa na watu wa mirengo tofauti ya kisiasa zilikuwa bora kuliko zilizoandikwa na watu wa mrengo mmoja. Walibishana zaidi, lakini kila upande uliulazimisha mwingine kutafuta ushahidi.

Sasa tazama utulivu ulifanya nini. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti, iliandikwa na kijana Mmarekani asiyeijua lugha hiyo. Aliendelea kwa miaka, maelfu ya kurasa, kwa sababu wenye lugha hawakuwepo wa kumpinga. Nikiuona ukurasa wa Nyanungu ulivyo kimya, hilo ndilo ninaloliogopa.

"Wanaotenguana ni watu."

Si wote. Utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa hata programu za kompyuta zinazohariri zenyewe zilikuwa zikitenguana kwa miaka.

"Anayefutiwa huondoka."

Hii ni kweli, na ndiyo inayonisumbua. Watafiti wamethibitisha kwamba mgeni ambaye kazi yake ya kwanza inatenguliwa huwa mgumu kurudi. Nasi hatuna wageni wa kupoteza. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Makala ziliingia, nyingine zikionekana wazi kuwa zimetafsiriwa na mashine, na shindano lilipoisha wahariri wachache wa kujitolea wakabaki na kazi ya kusafisha.

Kila anayehariri hupewa nafasi fupi ya kueleza alichobadilisha. Mwanafunzi wa Tarime akiandika kwa mara ya kwanza jina la mto wa kwao bila chanzo, mkabidhi anaweza kufuta na kuiacha nafasi hiyo tupu. Anaweza pia kuandika: "Karibu. Jina hili umelitoa kwenye ramani gani? Nakusubiri kwenye majadiliano."