Ukakasi: Kipimo cha Kokoa Kilichomo Kinywani

Mtu wa Ipyana hahitaji mizani wala darubini ili kuutambua mchele mzuri. Hunusa konzi moja, na akiwa bado ana shaka husubiri mvuke wa sufuria. Lakini mwulize mtu huyo huyo kokoa iliyoanikwa uani kwake ina ladha gani, naye huenda akakujibu kwamba ni chungu tu, basi. Jambo hilo si la ajabu. Mchele huliwa nyumbani. Kokoa hutiwa maguniani ikapelekwa ghalani, na chokoleti hutengenezwa mbali. Hata hivyo, watengenezaji wa chokoleti bora huonja sampuli kabla ya kukubali bei, na ni vema mkulima, pamoja na mwanawe aliyeko sekondari, wajue kinachotafutwa.

Sanaa ya kuonja imekuzwa sana na watu wa divai. Katika eneo la Beaujolais, kaskazini ya mji wa Lyon nchini Ufaransa, hutengenezwa divai nyekundu nyepesi kutokana na zabibu ziitwazo Gamay. Tangu mwaka 1985, divai changa ya huko huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya mwezi Novemba, majuma machache tu baada ya mavuno. Mwonjaji huitazama rangi yake, huinusa, kisha huzungusha funda moja kinywani na kulitema. Hutafuta hasa mambo matatu: uchachu, harufu ya matunda, na ukakasi.

Hilo la tatu ndilo linalotuhusu. Ukakasi si ladha kama ulivyo utamu au uchungu, ni mguso. Husababishwa na kemikali ziitwazo tanini, ambazo hushikamana na protini zilizomo katika mate. Mate yakipoteza utelezi wake, ulimi na mashavu huhisi kukauka na kukunjamana, kama anavyohisi mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Chai ya rangi iliyokolea ina tabia hiyo hiyo. Ukiitia maziwa ukakasi hupungua, kwa kuwa tanini hushikamana na protini za maziwa badala ya zile za mate.

Watu wa Beaujolais huepuka ukakasi kwa kwenda haraka. Vishada vizima hutiwa katika pipa lililojaa hewa ya kaboni dioksaidi, na uchachukaji huanza ndani ya tunda lenyewe. Baada ya siku chache maji ya zabibu hutenganishwa na maganda na kokwa, kabla hazijatoa tanini nyingi. Kokoa hufuata njia iliyo kinyume kabisa: ukakasi wake huondolewa kwa kusubiri.

Tunda la kokoa lililoiva huwa na punje kama 30 hadi 40, zilizovikwa ute mweupe wenye utamu na uchachu ambao watoto wa Kyela hawahitaji kufundishwa kuupenda. Ndani yake punje mara nyingi ni ya zambarau, chungu na yenye ukakasi mkali. Punje zinapovundikwa katika sanduku la mbao au chini ya majani ya migomba, hamira hugeuza sukari ya ute kuwa alkoholi. Mkulima anapozipindua, hewa huingia, na bakteria huigeuza alkoholi hiyo kuwa asidi ya siki. Joto hupanda hadi nyuzi 45 au 50 za Sentigredi. Kiini hufa, kuta za seli huvunjika, tanini hukutana na vimeng'enya na hewa, na zambarau hugeuka kahawia. Wakati huo huo protini hukatwa vipande vidogo, ambavyo vikikaangwa pamoja na sukari hutoa harufu ya chokoleti. Punje isiyovundikwa haitoi harufu hiyo, hata ikikaangwa na fundi hodari.

Kazi hiyo huchukua siku 5 hadi 7, na hapo ndipo penye taabu. Mzazi anayedaiwa fedha za shule huenda akaanika punje zake siku ya pili. Zikichanganywa na za jirani aliyesubiri, gunia zima huharibiwa sifa. Mkaguzi hupasua punje 300 kwa kisu akahesabu zilizo za kijivu na za zambarau, wala kisu hakiulizi ni za nani. Kumlaumu mkulima peke yake si haki: iwapo aliyesubiri na asiyesubiri hulipwa bei moja, subira hiyo inalipwa na nani?

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya darasani, ila asitumie meza za maabara zenye kemikali. Jiko la shule linafaa zaidi. Zitafutwe punje kavu zilizovundikwa siku 6, na nyingine zilizoanikwa bila kuvundikwa. Zikaangwe kwa moto mdogo katika vikaango viwili, zimenywe, kisha kila mwanafunzi atafune kipande cha kila aina akiwa amebana pua, na asukutue kwa maji kati ya kipande na kipande. Pua ikibanwa, atatambua uchungu, uchachu na ukakasi tu. Akiiachia, harufu itapanda kutoka kooni hadi puani, na tofauti ya siku 6 itajulikana papo hapo.